Cheti Changu Kina Neno "Onasi", Mbona Naambiwa Sina Onasi?

Safu ya Maswali ya Wasomaji: Elimu ya Juu na Sayansi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya sayansi katika baiolojia hapa Tanzania, nikapata daraja la pili la juu, na kwenye cheti changu limeandikwa neno la Kiingereza "Honours", ambalo wengi hulitamka "onasi". Niliomba kusoma uzamili katika chuo kimoja cha Afrika Kusini, nikajibiwa kwamba sina onasi na kwamba, nikipenda, nianze na mwaka wa onasi. Rafiki yangu wa Kenya mwenye daraja kama langu alipokelewa uzamili moja kwa moja. Je, nimeonewa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua kama yako nimezipokea nyingi, na uchungu uliomo ndani yake ninauelewa, lakini chanzo cha tatizo ni neno moja linalobeba maana mbili.

Kwetu Afrika Mashariki neno hilo lilikuja na mfumo wa Uingereza. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na katika mfumo ule onasi ni sifa ya shahada yenyewe: inaeleza kwamba mhitimu amefaulu kwa kiwango kinachostahili kupangiwa daraja, la kwanza, la pili au la tatu. Afrika Kusini wanalitumia neno hilohilo kwa mwaka mzima wa masomo unaofuata baada ya shahada ya kwanza, wenye usajili wake, mitihani yake na cheti chake. Nisilifasiri "shahada ya heshima", kwa sababu hiyo kwetu ni ile anayotunukiwa kiongozi au msanii bila kuingia darasani, nayo ni kitu kingine kabisa.

Katika mfumo wao wa kitaifa wa sifa za elimu, wenye ngazi 10, shahada ya kwanza ya miaka 3 ina krediti 360 (krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi) na iko ngazi ya 7. Onasi ina krediti 120 na iko ngazi ya 8, uzamili uko ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Anayeomba uzamili hutakiwa awe amefika ngazi ya 8, ama kwa mwaka wa onasi ama kwa shahada ya kwanza ya miaka 4 inayohesabiwa katika ngazi hiyo. Rafiki yako alisoma miaka 4 chuoni kwa utaratibu wa Kenya wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo), wewe ulisoma mitatu, na huenda hapo ndipo njia zenu zilipoachana.

Hata hivyo sitakuambia kwamba huna hoja. Mtanzania aliyesoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita na 3 ya chuo ana miaka 16, sawa na Mkenya wa 8-4-4, na sawa na kijana wa Afrika Kusini aliyemaliza miaka 12 ya shule, 3 ya shahada na 1 ya onasi. Sehemu ya yale tuliyoyasoma kidato cha sita, wenzetu wanakutana nayo mwaka wa kwanza wa chuo. Nadhani hoja hii ina uzito, na unaweza kuiandikia idara kwa adabu, ukiambatanisha nakala ya matokeo yako, muhtasari wa kila kozi, na ripoti ya mradi wako wa mwaka wa tatu kama ulifanya. Vilevile fanya utaratibu wa kutathminiwa vyeti vyako na SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya nchi hiyo, kwa maana vyuo vingi huidai tathmini hiyo kwa wahitimu wa nje. Uamuzi wa mwisho ni wa chuo.

Lakini kama jibu litabaki lilelile, nakusihi usiuchukulie mwaka huo kama adhabu. Mimi niliusoma, katika chuo kimoja cha pwani ya kusini, na nasema bila kusita kwamba nilijifunza sayansi mwaka ule kuliko miaka yote iliyoutangulia. Katika shahada ya kwanza nilikuwa hodari wa kujibu maswali ambayo majibu yake mwalimu alikuwa nayo tayari. Kwenye onasi nilipewa swali ambalo hata msimamizi wangu hakuwa na jibu lake.

Mwaka wenyewe huenda hivi. Miezi ya mwanzo hujaa kozi fupi nzito: takwimu, mbinu za maabara, usomaji wa makala za kitafiti, ambapo kila wiki mwanafunzi mmoja husimama kuichambua makala mbele ya wenzake na walimu. Sambamba na hayo, au mara tu baada yake, unaanza mradi wa utafiti, ambao kwa kanuni lazima uwe angalau krediti 30, na katika idara nyingi za sayansi huwa zaidi. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo mwaka mzima ni saa 1,200, na aliyepitia atakuambia kwamba hesabu hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Unaandika pendekezo, unalitetea, unakusanya data, unachambua, unaandika tasnifu, na mwishoni mtahini wa nje, mtu asiyekufahamu, anaisoma kazi yako mstari kwa mstari.

Mradi wangu ulihusu konokono wa miambani na chumvi ya maji katika vidimbwi vinavyobaki bahari inapokupwa. Wiki tatu nzima nilipima chumvi kwa kifaa ambacho sikukihakiki kabla ya kwenda ufukweni. Nilipogundua kwamba kilikuwa kinasoma juu kuliko ukweli, nilitamani kunyamaza. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Umejuaje kwamba namba hizi ni za kweli?" Nikazitupa zote, nikarudi pwani kupima upya, nikaeleza yote katika sura ya mbinu. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika namba nisiyoweza kusema imetoka wapi, na hilo ndilo ninalolihesabu kuwa elimu niliyoipata.

SWALI: Mwalimu, nimehitimu fizikia kwa wastani wa 3.9 kati ya 5 na ndoto yangu ni astronomia. Nitafute chuo chenye jina kubwa, au nitazame mambo gani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa astronomia umeielekeza shauku yako mahali panapostahili. Afrika Kusini ina programu ya kitaifa ya astrofizikia na sayansi ya anga za juu, iitwayo kwa kifupi NASSP, iliyoanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo huanza na mwaka wa onasi na kuendelea na uzamili, na imekwisha kuwapokea vijana wengi kutoka nchi nyingine za Afrika. Nchi hiyo ina darubini kubwa ya SALT huko Sutherland, iliyozinduliwa mwaka 2005, na darubini ya redio ya MeerKAT katika nyika ya Karoo, iliyozinduliwa mwaka 2018 ikiwa na antena 64. Mwanafunzi wa mwaka wa onasi anaweza kupewa data halisi ya vyombo vya aina hiyo, na mtu mwenye kiu hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Kuhusu jina la chuo, ushauri wangu ni kwamba msimamizi atangulie, chuo kifuate. Soma makala alizochapisha miaka ya karibuni. Tazama kama majina ya wanafunzi wake yamo miongoni mwa waandishi. Mwandikie barua fupi inayoonyesha kwamba umeisoma angalau kazi yake moja na una swali juu yake, badala ya barua moja ya jumla inayotumwa kwa watu hamsini. Zungumza pia na mwanafunzi aliye chini yake sasa hivi, umuulize ni mara ngapi kwa mwezi wanakaa pamoja. Mwaka wa onasi ni mfupi mno. Msimamizi asiyepatikana kwa miezi miwili amekula sehemu kubwa ya muda wako, wala ukubwa wa jina lake hautakurudishia.

Wastani wako ni mzuri. Idara nyingi za sayansi huko huomba angalau asilimia 60 katika somo kuu, na katika vyuo vyetu vinavyoanzia alama ya B+ kwenye 60, wastani wa 3.9 uko hapohapo. Eleza mizani hiyo katika barua yako, kwa kuwa kwao daraja la kwanza huanzia asilimia 75, na anayesoma matokeo yetu bila kujua kwamba A yetu huanzia 70 anaweza kukudhania dhaifu. Anza pia kujifunza lugha ya kompyuta ya Paithoni (Python) sasa hivi, usisubiri kufika.

SWALI: Binti yetu amepata nafasi ya onasi ya kemia Afrika Kusini kwa mwakani. Mimi na baba yake tunajiuliza kama mwaka mmoja tu wa masomo unastahili gharama hizo. (Mzazi, Tanga)

JIBU: Hongereni sana, mama. Kwanza ulizeni ada kwa jina la SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Tanzania ni mwanachama, na itifaki ya elimu ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watendewe kama wenyeji katika ada. Vyuo kadhaa huitekeleza, ingawa huongeza tozo ya wanafunzi wa kimataifa, kwa hiyo takeni mchanganuo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Ruzuku za serikali ya huko kwa kiasi kikubwa ni za raia wao, basi bintiyo aulize moja kwa moja kama msimamizi ana fedha za mradi zinazoweza kumlipa posho, na kama idara huajiri wanafunzi wa onasi kusimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza.

Kama thamani yake ipo, mimi naamini ipo, hasa kwa anayetaka utafiti. Onasi ya huko ndiyo mlango wa uzamili, na katika mfumo wa Australia, ambako nako onasi ni mwaka wa nne wa namna hiyo, daraja la kwanza laweza kumfikisha mtu kwenye uzamivu bila kupitia uzamili. Kwa anayetaka ajira ya haraka nyumbani, nisingewashauri mkope.

Mwaka wao wa masomo huanza mapema, mara nyingi Januari au Februari, na viza ya mwanafunzi hudai bima ya afya ya nchi hiyo pamoja na hati ya polisi ya kutokuwa na kosa la jinai. Aanze kushughulikia hati hizo wiki hii.