Wifi, ile sahani haikuwa ya kitajiri

Wifi yangu, asalaam aleikum, wewe na wote mliomo kwenye kundi la familia.

Ujumbe wenu nimeusoma mara tatu. Wewe uliuliza kama kile nilichokuwa nakula kwenye picha ya mkesha wa Krismasi ni tambi au minyoo. Mjomba akaingia mtandaoni, akarudi na jibu kwamba ni angulas, chakula cha Wahispania kinachouzwa karibu milioni 3 za kwetu kwa kilo. Halafu akauliza: kama mtoto wetu anakula hivyo, mbona paa la bibi bado linavuja? Ni haki yake kuuliza, na mimi sitaficha kitu.

Kwenye bei mjomba hajakosea. Angulas ni vitoto vya mkunga, yule samaki anayefanana na nyoka. Huzaliwa mbali sana, Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki, wakachukuliwa na mikondo mpaka kwenye mito ya huku. Wakifika wana urefu wa kidole na wembamba wa njiti, mwili unapitisha mwanga. Hapa Bilbao, Krismasi ikikaribia, kilo yake hufika euro 1,000 na kupita. Sasa mjomba, kima cha chini cha mshahara Hispania mwaka 2025 kilikuwa euro 1,184 kwa mwezi, na mimi mtunza wazee nilipata hicho hicho, kabla ya makato. Ningenunua kilo moja, mwezi wangu ungeishia hapo.

Nilichokula mimi kinaitwa gulas. Ni kitu cha kuiga angulas, na kopo lenyewe halidanganyi, limeandikwa wazi kwamba ni mbadala. Kampuni moja ya mkoa wa Gipuzkoa, Angulas Aguinaga, iliyokuwa ikiuza angulas halisi, ndiyo iliyoanza kuziuza mwaka 1991, wakati zile halisi zimeshaadimika. Hutengenezwa kwa surimi, ufundi wa Wajapani: nyama ya samaki mweupe wa bahari za baridi husagwa, huoshwa kwa maji tena na tena mpaka harufu na ladha zitoke, kisha huongezwa wanga, ute wa yai na chumvi, ikatolewa nyuzi nyuzi. Mgongoni hupakwa mstari wa kijivu kwa wino wa ngisi ili ufanane na wa mkunga. Kopo nililonunua lilikuwa euro 3 na senti kidogo.

Bibi ninayemtunza, ana miaka 88, ndiye aliyenifundisha kutofautisha. "Tafuta macho," aliniambia. Kitoto cha mkunga kina macho mawili, vidoa vyeusi kama ncha ya sindano. Nikainamia bakuli na miwani yake, nikageuza nyuzi kwa uma: hakuna hata jicho moja. Akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akishuka mtoni usiku wa baridi kali na taa na chekeche, anarudi na ndoo, na siku hizo ilikuwa chakula cha watu wa kawaida tu. Mikunga wachanga wanaofika mito ya Ulaya wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980, kwa mabwawa, uchafu na uvuvi uliopita kiasi. Alipokuwa akisimulia alikuwa ameshika ule uma wa mbao wanaolia angulas, hajala. Nilimhurumia, maana yeye anaijua ladha ambayo kopo haliwezi kumrudishia.

Ladha? Nilivyofungua kopo mara ya kwanza nilionja ikiwa baridi, na sikuipenda hata kidogo: tambi zilizolala kwenye mafuta. Bibi akaniambia nipashe. Nikamimina kwenye bakuli la udongo, mafuta yakaanza kuchemka pembeni, thomu ikanukia, pilipili ikanipanda puani, nikaondoa motoni mapema kwa sababu surimi ikikaa sana inakuwa kama mpira. Hapo ikawa tamu kweli, hasa juu ya mayai yaliyovurugwa. Lakini utamu ni wa thomu na pilipili. Ile harufu ya bahari unayoipata kwenye dagaa wetu wa Tanga wakiwa bado na mchanga wa ufukweni, humo haimo.

Tulifungua na kichupa cha yale mayai ya samaki wanayotumia badala ya kaviari (yale mayai ya samaki ya bei ghali), yametiwa rangi nyeusi. Chumvi tupu, na rangi ikatia doa kitambaa cha meza. Sitarudia.

Mama mdogo aliuliza uhalali. Nasoma maandishi ya kila kopo kabla ya kulipa: samaki, yai, wino wa ngisi, mafuta ya alizeti. Moja nililirudisha rafuni kwa sababu liliandikwa lina mvinyo.

Picha ndiyo iliyowapa wasiwasi, na hilo nalikubali. Bakuli zuri, kitambaa cheupe, mishumaa, vyote ni vya nyumba ya bibi huyu. Mimi chumba changu kina kitanda na dirisha linalotazama ukuta, na natoka Jumapili tu. Sikuwaambia kwa sababu sikutaka bibi yetu alale akiniwazia. Nikija mwezi wa saba nitambebea makopo mawili, hayana mwiba na hayahitaji meno.

Na paa: tangu Septemba naweka euro 60 kila mwezi. Fundi apime upya upande wa jikoni, kule ndiko kunakovuja zaidi, anitumie idadi ya mabati ya geji 28 kabla ya masika.