Daktari wa meno alinibonyeza shingo: alikuwa akitafuta nini?

SWALI: Nilikwenda kung'olewa jino. Kabla ya kuligusa, daktari aliushika ulimi wangu kwa kipande cha shashi, akauvuta huku na huku, akapapasa chini yake kwa kidole, kisha akanibonyeza shingo. Alisema anachunguza saratani na kwamba haoni tatizo. Sivuti sigara wala sina maumivu. Je, uchunguzi wa dakika chache namna hiyo unatosha, na koo nalo linahusika?

JIBU: Daktari wako alifanya jambo la maana sana, nami natamani kila mgonjwa angefanyiwa hivyo. Saratani ya kinywa inapoanza mara nyingi haiumi, kwa hiyo kutokuwa na maumivu si sababu ya kuacha kuchunguzwa. Ulimi ulivutwa kwa kuwa mbavu zake na sehemu iliyo chini yake, ambazo mwenyewe huzioni kwa urahisi hata kwenye kioo, ni miongoni mwa mahali ambapo saratani hii hujitokeza zaidi. Macho hutafuta baka jeupe lisilofutika, au baka jekundu, ambalo ingawa ni nadra ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Vidole navyo hutafuta ugumu usioonekana, na shingoni hutafuta tezi iliyovimba.

Hata hivyo, macho na vidole huishia kwenye shaka. Daktari akikuta kidonda kilichochubuliwa na jino lenye ncha kali, hulisawazisha jino hilo na kumwita mgonjwa tena baada ya wiki 2. Kisipopona, hukata kinyama kidogo kwa ganzi na kukipeleka maabara kitazamwe kwa hadubini, na jibu la uhakika hutoka huko. Wapo wanaotumia pia taa maalumu au rangi ya buluu inayopakwa kinywani, lakini vyote hivyo havichukui nafasi ya kinyama. Nawasihi wasomaji wasikimbie wanapoambiwa wakatwe kinyama, kwa maana muda unaopotea kwa hofu ndio unaoupa ugonjwa nafasi ya kuenea.

Utafiti mkubwa uliofanyika Kerala, India, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kuangalia kinywa kwa macho kulipunguza vifo miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Wewe huvuti, na hilo linakupunguzia hatari, ila halikuondolei yote.

Kuhusu koo, uchunguzi uliofanyiwa unagusa sehemu tu. Saratani ya koo inayosababishwa na HPV, kirusi kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hasa aina yake ya 16, huwapata hata wasiovuta kamwe, na hupenda kuanzia kwenye tonsili na kwenye shina la ulimi, ndani kabisa, ambako kioo cha daktari wa meno hakifiki vizuri. Kwa koo hakuna kipimo cha kawaida cha kuwapima watu wasio na dalili kama kile cha mlango wa kizazi. Kwa hiyo, sauti ikikukwaruza kwa zaidi ya wiki 3, ukimeza kwa shida, sikio moja likiuma bila ugonjwa wa sikio, au uvimbe ukidumu shingoni, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye atapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera ili aone hadi kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti.