Jibu: Majitaka ya miamba ya mafuta yanakula bajeti wapi?
Mkuu, umeuliza kwa nini gharama ya majitaka kwenye miamba ya mafuta (miamba inayopashwa moto tanurini ili itoe mafuta) haishikiki. Tazama Estonia, huko mkoa wa Ida-Viru wanakochimba miamba hiyo. Maji ni ya aina mbili, na ukiyachanganya umekwisha. Ya mgodini ni mengi mno, ila mara nyingi hutuamishwa tu kwenye mabwawa kabla ya kuachiwa mtoni. Ya tanurini ni machache lakini yana fenoli, sumu kweli. Kwenye mji wa Kohtla-Järve, kiwanda huzitoa fenoli hizo kwanza kwa kiyeyushi, kisha huziuza kama malighafi ya kemikali, kwa hiyo kiasi fulani cha pesa kinarudi. Halafu kuna vilima vya mabaki ya tanuri: mvua ikinyesha vinachuruzisha sumu hata baada ya kiwanda kufungwa. Hicho kipengele, wahasibu wengi hukiruka.