Maketi mbili, mufuko moja

SWALI: Jambo yaya, nilipewa mufuko ya vipande vya maketi mbili (gari ndogo za plastiki za kuunganisha) za Kokosineli (Volkswagen), moja ya zamani na ingine ni toleo la upya, vyote vimechanganyika na kartoni imebaki moja tu ya kampuni Revell. Nitavitenganisha namna gani? – Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yangu, kole iache kwanza. Chukua zile shasi mbili upime kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Kokosineli ya kweli iko na mita 2.40, kwa hiyo kwa skeli ya 1/24 (maketi ni ndogo mara 24 kuliko gari ya kweli) utapata sentimita 10, kwa 1/25 ni 9.6, na hizo milimita 4 ndizo zinafanya shasi ikatae kuingia kwa bodi. Kartoni pekee haitoshi, maana Revell na kampuni ingine, Monogram, ziliunganishwa 1986 na kisha vipande vya kalibu (chuma cha kumiminia plastiki) za Monogram vikatoka na jina la Revell. Hata mwaka uliochongwa chini ya shasi, mara nyingi ni wa kalibu, toleo jipya linaweza kubaki nao vilevile.

Skeli zikilingana, basi angalia kidonda, pale kipande kilikatwa kwa fremu (ile miti ya plastiki inayoshika vipande), ukikutanishe na kisiki chake kilichobaki kwa fremu, rangi na unene vikubaliane. Kalibu iliyochoka inaachia plastiki nyembamba pembeni, hiyo naiona sana kwa matoleo yaliyokuja baadaye. Pine usizitegemee, watu wanazihamisha ovyo.

Vibandiko vya zamani vikiwa njano, weka vya toleo jipya, bora skeli ikuwe moja.