Maji ya bwawa yamekuwa kijani, niweke mrututu kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Tabora, Isevya. Nimejijengea bwawa nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 2, kina sentimita 60, tofali na plasta ya saruji, pembeni nikapanga mawe nikafanya maporomoko, maji yanapandishwa na kapampu ka umeme. Nikaweka vifaranga vya sato 150. Wiki ya pili maji yakaanza kuwa kijani, sasa hivi hata samaki siwaoni, alfajiri wanakuja juu wanahema, juzi nimeokota waliokufa zaidi ya thelathini. Nimeshabadilisha maji yote mara mbili na kijani kinarudi. Fundi mmoja kaniambia mrututu kiganja kimoja, mwingine anasema jiki. Pampu nawasha jioni tu tukikaa nje maana umeme bei. Naomba kipimo sahihi cha mrututu.

JIBU: Marahaba kaka, pole kwa hao samaki. Kipimo cha mrututu, yaani ile salfeti ya shaba ya bluu, nitakupa, ila huko mbele, na ukishakiona nadhani mwenyewe hutauweka. Hili swali la "maji kijani niweke dawa gani" naletewa kila mara hapa Kigoma na kila anayeuliza anakuwa ameshauziwa kitu tayari, kama sio mrututu ni klorini, kama sio klorini ni unga mweupe kwenye kimfuko kisicho na jina, mpaka najiuliza ni nani kawaambia watu kwamba kijani ni ugonjwa.

Kijani ni mwani. Unataka jua na mbolea, basi. Jua la Tabora unalijua, na mbolea umeileta mwenyewe, samaki 150 wanakula humo wananya humo, chakula kinachobaki kinazama kinaoza. Halafu huyo sato mwani ni chakula chake, wenye mabwawa ya udongo wanatia samadi makusudi kabisa ili maji yawe kijani, sasa wewe unacho chakula bwawani unatafuta sumu ya kukiua! Shida huku kwetu mtu anatoka kuogelea ziwani pale Bangwe, kaona mpaka vidole vyake vya miguu, anarudi nyumbani anataka kibwawa chake kiwe vile. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika karibu mita 1,470 na maji yake ya juu yana mbolea kidogo sana, ndio maana yanang'aa. Wewe una sentimita 60 na kundi la samaki. Haitakaa ifanane.

Ukitaka kujua kama kijani kimezidi, zamisha mkono mpaka kiwiko ukiwa umekunja kiganja juu. Ukikiona kwa mbali uko sawa. Usipokiona kabisa, hapo mwani ni mwingi, na wewe kwa maelezo yako umeshafika hapo. Sasa mwani mwingi mchana unatoa oksijeni, usiku unaitumia, unagombania hewa ileile na samaki, kwa hiyo ikifika saa kumi na moja alfajiri oksijeni iko chini kuliko muda wote wa siku, na ndio hao unaowaona wanahema juu. Na pampu umezima! Yaani jioni ukiwa na wageni inamwaga maji vizuri watu wanapiga picha, mkienda kulala na samaki ndio wanaanza kukosa hewa unaizima. Kama kuna masaa ya kubana umeme bana mchana, usiku iache. Ila kwa kweli inatakiwa itembee saa 24, pampu ya wati 50 kwa siku nzima inakula uniti 1.2, piga hesabu uone kama inazidi bei ya vifaranga unavyozika.

Haya, mrututu. Kanuni wanayotumia wafugaji ni hii: unapima alkali ya maji, yaani kiasi cha chokaa na magadi vilivyoyeyuka humo, kwa miligramu kwa lita, unagawa kwa 100, unachopata ndio miligramu za mrututu kwa kila lita. Alkali ikiwa chini ya 50 haukaribii kabisa maana shaba inaua samaki wenyewe. Bwawa lako ni lita 3,600. Tuseme alkali yako ni 100, basi bwawa zima ni gramu 3.6, haifiki hata kijiko cha chai kilichojaa. Huyo fundi kakwambia kiganja. Kakupimia alkali? Hajapima, hata hajui ndio nini, anajua tu kwamba kesho yake maji yatakuwa meupe na atakuwa ameshachukua hela yake. Na hata ukipatia kipimo, mwani wote unakufa kwa mpigo, unazama unaoza, na kuoza kunakula oksijeni kuliko ulivyokuwa hai, kwa hiyo samaki wanakufa baada ya siku moja mbili na fundi anakwambia walikuwa wagonjwa. Shaba yenyewe haiendi popote, inakaa kwenye tope la chini. Jiki, ambayo ni klorini, hata sitaki kuizungumzia, bomba lenyewe lina klorini kidogo tu ya kuua vijidudu na bado tunawaambia mkinge maji myaache wazi siku moja mbili kabla hayajamgusa samaki, wewe unaenda kumimina chupa.

Kinachoniuma zaidi kwenye hizi dawa ni kwamba zinaua pia kile kinachosafisha maji. Samaki anatoa amonia, mkojo wa kwenye matamvua tuseme, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaila. Hao bakteria hawaelei elei tu majini, wanajishika kwenye mawe, kwenye kokoto, kwenye ule utelezi ambao watu wanausugua kwa brashi wakidhani ni uchafu. Wanachukua kama wiki nne mpaka sita kukaa sawa. Wewe hukuwapa nafasi, uliweka samaki wote siku moja, halafu umemwaga maji yote mara mbili, na kila ukijaza upya samaki wanaanza upya kwenye maji ya bomba yenye klorini. Hapo hapo plasta mpya inatoa chokaa inapandisha pH (kipimo cha uchachu, 7 ni katikati, ikipanda uchachu umepungua), na pH ikipanda amonia inakuwa kali: kwenye nyuzijoto 25 na pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Mwani nao mchana unaipandisha pH hiyo hiyo. Bwawa la saruji mpya lilitakiwa lijazwe limwagwe, lijazwe limwagwe, wiki kadhaa, kabla ya samaki hata mmoja.

Sasa fanya hivi. Samaki wapunguze, bwawa la mita za mraba 6 lisilo na kitu cha kuingiza hewa muda wote wabaki 20 au 30, wengine gawa au kaanga. Wape chakula wanachomaliza ndani ya dakika kumi, kikibaki ujue umezidisha. Maji badilisha robo tu kwa wiki na yawe yamelala. Kivuli weka, hata wavu wa kitalu au yungiyungi zifunike kama nusu ya juu, ila nakuomba usilete gugumaji, unajua lilivyosumbua Ziwa Victoria. Halafu hapo juu ya maporomoko weka pipa au ndoo kubwa, maji yaingie chini yatokee juu yamwagike kwenye mawe, ndani jaza kokoto na nyavu kuukuu za dagaa zilizooshwa vizuri bila sabuni, huku kwetu zimejaa kila mwalo wanazitupa. Hiyo ndio nyumba ya bakteria. Mkaa wa kupikia msiweke, sio ule mkaa maalumu wa kuchujia, unavunjikavunjika unachafua maji, na amonia hauigusi. Umeme ukikatika masaa mengi, maji ya kwanza kutoka kwenye pipa yamwage nje yasirudi bwawani, yanakuwa yameoza.

Pampu nayo angalia kibandiko. Ile namba ya lita kwa saa ni ikiwa haipandishi kabisa, na ule urefu wa mwisho ulioandikwa ni pale ambapo hakuna hata tone linalotoka. Watu wananunua ya mita 2 wanajenga maporomoko ya mita 1 na nusu halafu wanalalamika maji yanadondoka kama bomba bovu. Wewe unahitaji angalau lita 1,800 kwa saa zifike kule juu kweli. Na waya wa pampu usiunge kwa selotepu ukapitisha kwenye maji, nimeshaona hizo kazi, wekea swichi ya kujikata yenyewe umeme ukivuja kabla mtoto hajachovya mkono.

Na nyie wengine mnaosoma, hasa mlioko huku kwenye miteremko ya Mwanga na Gungu: bwawa ulilotia mrututu ukilifungulia kwenye mtaro, mtaro unashuka ziwani. Hayo maji usimwagilie mchicha pia. Mtu akija na dawa ya maji muulize ina nini ndani, ni gramu ngapi kwa lita ngapi, na amepima nini kabla ya kusema hivyo. Akianza kuzunguka zunguka mpe nauli arudi kwao. Kaka wa Isevya, wewe mrututu kama umeshanunua mpelekee mwenye nyanya au kahawa anayejua kuupima, na leo usiku pampu isizimwe.