Umeomba, sasa utajuaje kwamba Mungu amejibu?

Kama unatafuta uongozi wa Mungu juu ya jambo kubwa, soma kwanza Yeremia 42 ndipo upige magoti. Yerusalemu imeanguka, Gedalia, liwali aliyewekwa na mfalme wa Babeli juu ya nchi, ameuawa, na watu waliobaki wanamwendea nabii wakimsihi awaombee ili Bwana awaonyeshe njia ya kuiendea. Wanaapa kwamba liwe jema, liwe baya, watalitii. Jibu linakuja baada ya siku 10: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wanamwambia Yeremia usoni kwamba anasema uongo, wanashuka Misri, na yeye wanamchukua pamoja nao. Rudi nyuma kidogo, mstari wa 17 wa sura ya 41, utaona kwamba kabla ya kumwomba awaombee walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, safari ya Misri imeanza.

Mungu hakunyamaza. Aliwajibu waziwazi, ila waliomba wakiwa wamekwisha kufungasha. Maombi mengi ya kutafuta uongozi hukwama hapo, na ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwombaji ni kuuandaa moyo wake upokee jibu lolote.

Upime moyo hivi. Andika ombi lako kwa sentensi moja. Chini yake andika utafanya nini Mungu akisema ndiyo, kisha utafanya nini akisema hapana. Sehemu ya "ndiyo" hujaa haraka. Ukiona sehemu ya "hapana" inakushinda, au unaandika huku kifua kimekaza, basi ombi lenyewe bado halijafika wakati wake. Omba kwanza juu ya huo moyo. Yesu mwenyewe pale Gethsemane alirudi kuomba mara 3 juu ya jambo lilelile, kila mara akiyaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake. Kwa hiyo usione aibu ikikuchukua wiki nzima kufika mahali pa kusema "lolote utakalosema" bila kujidanganya.

Yako mambo yasiyohitaji kuombewa uongozi kabisa. Huombi kujua kama ulipe deni, kama umsamehe ndugu yako, au kama uendelee na mume wa mtu. Yameshajibiwa katika Neno, na kuyaombea tena ni kutafuta mwanya. Balaamu, aliyeitwa na mfalme wa Moabu aje awalaani Israeli, alikatazwa kwenda, akauliza mara ya pili kwa sababu zawadi zilikuwa zimeongezwa, akaruhusiwa, na bado hasira ya Mungu ikawaka alipokwenda. Ruhusa aliipata, ila haikuwa uongozi.

Kwa yale yanayohitaji kuombewa, weka daftari. George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mwaka 1836 na kuwatunza yatima zaidi ya 10,000 katika maisha yake, alikuwa na desturi ya kuandika maombi yake pamoja na tarehe, na majibu yalipokuja. Gawa ukurasa sehemu nne: tarehe, ombi, andiko unalosimamia, na nafasi tupu ya jibu. Hiyo nafasi tupu iwe kubwa, mistari mitatu au minne, kwa sababu jibu mara nyingi huja vipande vipande. Kila ombi likae peke yake. Ukiandika "Bwana nibariki katika kazi na familia", hata miaka mitano ikipita hutajua kama ulijibiwa, kwa kuwa hukuomba kitu kinachoweza kuonekana kimetokea. Andika "Bwana, nionyeshe kabla ya mwisho wa mwezi huu kama nikubali kazi hii ya mbali na watoto." Kila mwezi rudi nyuma usome. Utashangaa ni mangapi yamejibiwa ukasahau kwamba uliwahi kuyaomba.

Unapopitia daftari utaona pia maombi yaliyokaa bila dalili yoyote. Kabla ya kusema Mungu amekawia, angalia vizuizi ambavyo Maandiko yenyewe yanavitaja: kuomba kwa tamaa (Yakobo 4:3), dhambi inayolindwa moyoni (Zaburi 66:18), kinyongo (Marko 11:25), na mume asiyemheshimu mkewe (1 Petro 3:7). Hicho cha mwisho wanaume wengi hukiruka, tena wakifunga siku nyingi. Ila usimgeuzie mtu aliyeumizwa orodha hii kuwa fimbo. Danieli alingoja siku 21 na hakuwa na kosa. Ombi lake lilisikiwa tangu siku ya kwanza, na aliyelileta jibu ndiye aliyezuiliwa njiani.

Sasa tuje kwenye ishara, maana hapa ndipo watu wanapopotea wakiwa na furaha tele.

Mtazame Yona. Anaagizwa aende Ninawi, anashuka Yafa, anakuta merikebu inayokwenda Tarshishi. Nauli anayo, analipa. Anashuka pande za ndani za merikebu na kulala usingizi mzito. Mlango umefunguka, fedha imepatikana, na moyo umetulia kiasi cha kulala katikati ya tufani. Hizo ni zilezile ishara tatu tunazozitaja kanisani tunapotaka kuthibitisha kwamba jambo ni la Mungu, naye alikuwa anamkimbia Mungu. Nafasi iliyopatikana ni nafasi tu. Amani nayo yaweza kutoka kwa Bwana, na yaweza kuwa nafuu ya mtu aliyekwepa wajibu mgumu. Ukitaka kujua ni ipi, jiulize amani hiyo ilianza lini. Kama ilianza pale ulipoacha kulisoma lile andiko linalokusumbua, usiitegemee.

Kuweka ngozi kama Gideoni, aliyetandika ngozi ya kondoo usiku na kuomba umande uilowanishe, kisha ibaki kavu, iwe ishara, ndiko watu hukimbilia. Soma Waamuzi 6 taratibu: Gideoni alikuwa ameshaambiwa na Bwana mwenyewe aende, kabla ya ngozi ile kulowa au kukauka. Mungu alimvumilia katika hofu yake, lakini sioni mahali tunapoagizwa kufanya kama yeye. Kinachonivutia zaidi ni ishara aliyoomba mtumishi wa Ibrahimu katika Mwanzo 24, alipotumwa kumtafutia Isaka mke. Alikuwa na ngamia 10, naye aliomba kwamba msichana atakayeombwa maji ajitolee mwenyewe kuwanywesha na ngamia. Ngamia aliyetoka safari ndefu na kiu aweza kunywa lita 100 hivi kwa mara moja. Zidisha kwa 10, kisha fikiria mtungi mmoja begani, kupanda na kushuka kisimani. Ishara yenyewe ilikuwa kipimo cha tabia ya mke aliyekuwa akitafutwa: ukarimu, nguvu, moyo wa kumaliza alichoanza. Na Rebeka alipokuwa akiteka maji, yule mtumishi alimkazia macho akanyamaza, ili ajue kama Bwana ameifanikisha safari yake ama sivyo. Hakurukia neno la kwanza.

Kwa hiyo ukiomba ishara, iombe ile inayohusiana na jambo lenyewe. Kuomba kwamba simu ikilia kabla ya saa sita basi umwoe fulani ni kubahatisha kwa kura. Kuomba kwamba Bwana akuonyeshe jinsi fulani anavyowatendea watu asiohitaji chochote kwao, kisha ukanyamaza na kutazama miezi kadhaa, hilo lina faida hata kama jibu litakuwa hapana.

Ushauri wa watu unafuata, na una namna yake. Tafuta watu wawili au watatu waliokomaa, angalau mmoja awe hana faida wala hasara katika uamuzi wako. Wape habari zote, hata zile zinazokuaibisha: madeni, afya, yaliyopita. Kisha waache waseme kabla hujawaambia unachohisi Mungu amekuambia. Ukianza na "Bwana amenena nami", umewafunga midomo, maana nani atabishana na Bwana? Utaondoka na baraka zao, ushauri wao wamebaki nao. Hata Paulo alipoona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie, hakuamua peke yake. Matendo 16:10 inasema "tuliona hakika", ni kundi zima lililoyapima, na kabla ya hapo walikuwa wamezuiwa Asia na Bithinia. Maono yalikuja juu ya njia mbili zilizokwisha kufungwa.

Kuhusu unabii wa kuletewa: hata nabii wa kweli anaweza kutanguliza maoni yake. Daudi alipotaka kumjengea Mungu nyumba, Nathani alimwambia afanye yote yaliyo moyoni mwake. Usiku uleule neno la Bwana likaja kumsahihisha, na Nathani akarudi kusema hapana. Kama Nathani alisahihishwa, basi neno la mtumishi yeyote linapimika, na anayekataa kupimwa ameshajitambulisha. Mtu akikutaka utoe fedha ili neno litimie, akikuharakisha, akikutaka usimwambie mtu, au akikuamuru uache dawa, ondoka. Huhitaji kufunga ili ujue hilo.

Tukitaja kufunga: kunasaidia kwa sababu kunakupa muda na utulivu, hakumlazimishi Mungu. Anza na mlo mmoja au kutwa moja, maji yakiwepo, na muda wa mlo utumike kuomba na kusoma. Ukiutumia kwenye simu umeshinda njaa bure. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, au anayetumia dawa zinazohitaji chakula aongee na daktari kwanza, au afunge kitu kingine.

Kungoja ndiko kunakowaangusha wengi. Mfalme Sauli alingoja siku 7 alizopangiwa na nabii Samweli aje kutoa sadaka, watu wakaanza kutawanyika, Wafilisti wamejipanga, akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Sababu zake zote zilikuwa za kweli, na bado alikosa. Ukihisi msukumo wa "sasa hivi au basi", tenganisha tarehe ya kweli na hofu: je, kuna siku iliyoandikwa ya kujibu, au ni wewe unayeogopa watu watatawanyika? Tarehe ikiwepo, omba kwa kuielekea, na siku ikifika amua kwa mwanga ulio nao. Yakobo 1:5 inaahidi hekima kwa aombaye, na hekima hiyo hutumika kwa kuamua.

Jibu likiwa hapana, liandike kwenye daftari kama jibu. Paulo alisihi mara 3 mwiba wa mwilini, ule udhaifu uliomtesa, utoke. Akapewa neema, mwiba ukabaki. Naye Daudi, alipokatazwa kujenga, hakukaa akinung'unika. Aliandaa mawe, chuma, shaba na mierezi ili Sulemani ajenge. Kwa hiyo uliza mara moja: katika hili nililonyimwa, ni sehemu gani bado ni yangu?

Na ukigundua umeshaamua vibaya? Yoshua 9 inalo jibu. Wagibeoni walikuja na viatu vilivyoraruka na mkate ulioota ukungu wakijifanya wametoka nchi ya mbali, wakuu wa Israeli wakapokea chakula chao bila kutaka shauri kinywani mwa Bwana, wakaapa kuwaacha hai. Siku 3 baadaye ukajulikana ukweli kwamba ni majirani. Hawakuvunja kiapo, waliishi nacho. Anayelinganisha na hali yake asichanganye: kiapo cha kutenda dhambi, au ndoa inayohatarisha uhai, si habari hii, hapo tafuta usalama kwanza. Lakini kwa uamuzi wa kawaida uliofanywa bila kuomba, kazi mliyokwisha kuianza au mkataba mliokwisha kuutia sahihi, usikimbilie kuvunja ili "kurudi kwenye mapenzi ya Mungu". Sura inayofuata wafalme watano wanaishambulia Gibeoni, Yoshua anapanda usiku kucha kutoka Gilgali kwenda kuwatetea watu aliodanganywa nao, na Bwana anamwambia asiogope. Siku ile ambayo jua lilisimama ilikuwa vita vya kulinda agano ambalo hakuna aliyeliombea.