Re: Tiketi ikilipiwa inageuka nyekundu

Mkuu, umeuliza kwa nini tiketi ya mwendokasi ya Kimara–Kivukoni ukiipa hali IMELIPWA inaishia na rangi nyekundu na nauli 0. Kosa liko kwenye switch yako ya Java (amri inayochagua tawi, yaani case, kulingana na hali): case IMELIPWA haina break, amri ya kuishia hapo. Java haisimami yenyewe. Ikishaweka kijani inateremka moja kwa moja hadi case IMEGHAIRIWA iliyo chini yake, na thamani ya mwisho ndiyo inayobaki kwenye objekti. Kompaila (kitafsiri cha msimbo) hailalamiki, kwa sababu hilo ni halali.

Kama una Java 14 kwenda juu, achana na case za nukta mbili (:), tumia za mshale, ambazo haziteremki:

rangi = switch (hali) {
    case INASUBIRI -> "njano";
    case IMELIPWA -> "kijani";
    case IMEGHAIRIWA -> "nyekundu";
};

Nauli nayo vivyo hivyo.

Usiweke default (tawi la hali zote zisizotajwa) hapo, tafadhali. Siku ukiongeza IMEISHA_MUDA kwenye enamu (orodha ya hali za tiketi), kompaila itagoma mpaka uiandikie case yake. Default ingeifunika kimya kimya. Hali ikiwa null (haijapewa thamani) programu itaanguka na kosa la NullPointerException, kwa hiyo ipe INASUBIRI tangu kwenye konstrakta, pale tiketi inapoundwa. Halafu rangi na nauli zifanye private (zisiguswe kutoka nje ya klasi), zibadilishwe ndani ya metodi ya setHali() tu.